Wapanda farasi wa theluji na matanga ya miaka mia

Hapa kwetu Kenya wengi wetu humwona farasi siku ya mashindano katika uwanja wa Ngong, au pale askari polisi apitapo juu ya tandiko akilinda usalama. Jua linawaka, ngozi ya mnyama inang'aa, na watu wanashangilia. Ni vigumu basi kumfikiria farasi huyo huyo akikanyaga theluji, ndevu zimeganda barafu, na mgongoni amembeba mtoto wa shule aliyejifunika gubigubi yakabaki macho tu.

Lakini hayo ndiyo yaonekanayo mwezi wa Desemba katika nyika za jimbo la South Dakota, Marekani. Watu wa kabila la Lakota, mojawapo ya makabila ambayo wageni waliyaita Wahindi Wekundu, hutandika farasi wao wakati ambapo kila mtu angependa kuota moto. Husafiri karibu majuma mawili, mwendo wa kilomita 480 hivi, katika baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Hawaendi michezoni wala matembezini. Wanakwenda msibani.

Kisa chenyewe

Mnamo Desemba 15, 1890, chifu mashuhuri Sitting Bull aliuawa nyumbani kwake na askari polisi waliotumwa kumkamata. Serikali ilikuwa imeingiwa na hofu kwa ajili ya ngoma mpya ya dini, ambayo wachezaji wake waliamini kwamba wafu wao wangerudi na nchi yao ingekuwa kama zamani. Baadhi ya watu wa Sitting Bull walikimbilia kwa chifu mwingine, Si Tanka, ambaye Wazungu walimwita Big Foot. Huyu naye, ijapokuwa alikuwa mgonjwa wa kichomi, aliwaongoza watu wapatao 350 kuelekea kusini kutafuta usalama.

Hawakuupata. Desemba 28 walikutana na wanajeshi wapanda farasi. Asubuhi ya pili, kando ya kijito cha Wounded Knee, wanajeshi walipokuwa wakiwanyang'anya silaha, risasi ililia, na mizinga minne iliyowekwa kilimani ikaanza kuwamiminia moto. Hesabu nyingi husema waliouawa walikuwa kati ya 250 na 300, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Kisha tufani ya theluji ikashuka, maiti zikaganda zilipoanguka. Ilipotulia, miili 146 ilizikwa katika kaburi moja.

Kwa mila ya Walakota, kilio kina mwisho wake. Waliofiwa hukaa katika huzuni kwa muda, halafu jamaa hukutana kuwafuta machozi, kama vile sisi tunavyoanua matanga. Lakini ni nani angewafuta machozi watu wa Wounded Knee? Dini yao ilipigwa marufuku, watoto wao wakapelekwa katika shule za bweni walikokatazwa kusema lugha ya mama zao. Tanga likakaa miaka karibu mia bila kuanuliwa.

Ndipo Desemba 1986 kikundi kidogo cha wapanda farasi kilipoamua kuifuata njia ile ya Si Tanka. Walirudia safari hiyo kila mwaka, na mwaka 1990, ilipotimia miaka mia kamili, waliofika kaburini walikuwa kama 300, katika baridi ya kutisha. Hapo ibada ya kufuta machozi ikafanywa. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kueleza masikitiko yake makubwa juu ya mauaji hayo.

Farasi na baridi

Msomaji atauliza: je, farasi hafi kwa baridi? La, iwapo mwenyewe anamjua. Siku zinapoanza kuwa fupi, farasi huota manyoya marefu na mazito. Yakisimama hufungia hewa kama blanketi, hata theluji huweza kukaa mgongoni bila kuyeyuka. Tumbo lake nalo ni jiko: nyasi kavu zinapochachuka ndani hutoa joto. Kwa hiyo jambo la kwanza ni nyasi tele, na la pili ni maji yasiyoganda, kwani farasi asiyekunywa hufunga choo na kupatwa na msokoto wa tumbo unaoweza kumuua.

Adui mkubwa ni jasho. Farasi akikimbizwa mpaka akalowa, manyoya hulala na blanketi lake limekwisha. Ndiyo sababu safari huenda kwa mwendo wa taratibu. Theluji nayo hushindiliwa chini ya kwato ikawa donge la barafu, basi mpandaji hana budi kushuka na kulichokoa. Lijamu hupashwa moto mkononi au ndani ya koti kabla ya kutiwa kinywani, maana chuma kilichoganda huchuna ulimi. Mpandaji mwenyewe huanza kufa ganzi vidoleni, na dawa ni kushuka akatembea kando ya mnyama wake.

Kwa lugha yao, Walakota humwita farasi "mbwa mtakatifu", kwa kuwa zamani mbwa ndiye aliyewabebea mizigo. Farasi aliletwa na Wahispania, na utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba makabila ya nyika hizo yalikuwa naye tangu nusu ya kwanza ya karne ya 17. Mgeni huyo amekwisha kuwa jamaa.

Safari ya vijana

Baada ya 1990 wazee wangeweza kusema kazi imekwisha. Badala yake safari ilirithiwa na vijana, ikaitwa safari ya vizazi vijavyo. Magari huwafuata na nyasi na chakula, na usiku hulala katika kumbi za shule na za vijiji. Mbele hutangulia fimbo yenye manyoya ya tai. Katika maeneo hayo umaskini ni mkubwa, na vijana wengi mno wamejiua. Kijana aliyelea farasi wake siku kumi na nne barafuni, akasikia jioni habari za babu zake kwa wazee wenyewe, hurudi nyumbani akijua yeye ni nani. Wahenga hawakukosea waliposema mwacha mila ni mtumwa.

Mwaka 2022 makabila mawili ya Lakota yalichanga fedha, dola 500,000, yakanunua ekari 40 za ardhi pale Wounded Knee, iliyokuwa mikononi mwa mtu binafsi, ili iwe mahali pa ukumbusho daima. Hivyo wapanda farasi wafikapo sasa, huvikanyaga vumbi na theluji vilivyo vyao wenyewe.