OPEC: Wenye Mafuta Walivyoshikana Mikono

Kila nauli ya matatu inapopanda, kondakta hutujibu kwa mkato, "Mafuta yamepanda!" Yamepandishwa na nani? Hebu tufuatane.

Zamani bei ya mafuta ghafi haikuamuliwa na nchi zenye visima. Iliamuliwa na makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani. Kodi ya wenye nchi ilihesabiwa kutokana na bei hiyo hiyo. Mnamo Agosti 1960 makampuni yakaipunguza bila hata kubisha hodi. Ni kama mkulima kuambiwa na mnunuzi, "Mahindi yako leo ni bei hii, utake usitake."

Wenye mali wakachoka. Septemba 1960, Iran, Iraki, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela zilikutana mjini Baghdad zikaunda OPEC, shirika la nchi zinazouza mafuta nje. Kidole kimoja hakivunji chawa! Libya ilijiunga mwaka 1962, Algeria 1969 na Nigeria 1971. Makao yake yalianzia Geneva, yakahamia Vienna mwaka 1965, ingawa Austria yenyewe si mwanachama.

Je, hufanyaje kazi? Mawaziri hukutana wakapima mahitaji ya dunia. Mafuta yakifurika sokoni bei hushuka, yakiadimika hupanda. Kwa hiyo, mwaka 1982 walianza kupangiana kiasi cha mapipa ambayo kila nchi itatoa kwa siku. Pipa moja ni kama lita 159. Kila nchi ina kura moja, na mambo makubwa hupita kwa kauli moja.

Lakini ahadi ni deni! Fikiria wauza sukuma wiki watano waliopatana kuleta gunia moja moja ili bei isianguke. Mmoja akileta la pili alfajiri, atapata faida ya haraka, na wenzake wataumia. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya 1980. Saudi Arabia ilipunguza mafuta yake huku wengine wakizidisha yao kichinichini. Mwishowe ikachoka, ikafungua mifereji. Mwaka 1986 bei ikaporomoka kutoka zaidi ya dola 25 kwa pipa hadi karibu dola 10. Wote wakalia.

Mwaka 2016 Urusi na nchi nyingine zisizo wanachama zilikubali kushirikiana na OPEC. Korona ilipozuia safari mwaka 2020, walipatana kupunguza mapipa milioni 9.7 kwa siku.

Sisi Wakenya ni wanunuzi tu. Wao wakipatana vizuri, mama anayewasha taa ya koroboi ndiye hulipa. Je, tuwalaumu? Kumbukeni kahawa. Nayo ilikuwa na mapatano ya kimataifa ya kupangiana viwango, na Kenya ilikuwamo. Viwango hivyo vilipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka na mkulima wetu akabaki mikono kichwani.

Basi kondakta akisema mafuta yamepanda, usimwone mwongo. Huenda kikao kimeketi Vienna.