Ng'ombe anayetafuna mfupa hakulogwa

Wasomaji wa Nyunzu na wa milima ya Marungu wameuliza jambo moja kwa maneno tofauti: mvua imenyesha, malisho ni kijani, mbona ng'ombe wanakonda na kuokota mifupa wakaitafuna? Wengine wameshaambiwa ni uchawi, na wamelipa. Aliyepokea fedha hiyo amewaibia.

Kinachokosekana ni fosforasi. Udongo mwekundu wa miombo ni mkongwe, umeoshwa na mvua tangu enzi na enzi, una asidi nyingi, na chuma na alumini iliyomo huing'ang'ania fosforasi. Ipo ardhini, ila mizizi haiifikii.

Nyasi hazisubiri kufa. Hupunguza kuotesha majani, sukari hupelekwa chini, vinyweleo vya mizizi huongezeka. Mizizi hutoa asidi na vimeng'enya vya kuifungua fosforasi, tena hushirikiana na kuvu ambao nyuzi zake huitafuta mbali. La ajabu zaidi limo ndani ya jani. Utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta yenye fosforasi. Nyasi yenye njaa huyavunja, ikaweka mahali pake mafuta yenye sukari au salfa, na fosforasi iliyookolewa ikapelekwa kwenye jani changa, kama fundi anayeng'oa misumari ya nyumba kuukuu ajengee mpya.

Ndiyo maana dalili huanzia chini. Shika jani la chini kabisa la bingobingo. Likiwa kijani kilichokolea, na ncha na kingo zina rangi ya zambarau, shuku fosforasi. Likiwa limeanza unjano nchani, ukishuka katikati ya jani, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Mashina ya nyasi ndefu za porini huwa mekundu zikikomaa, hayo yaache.

Nyasi huweza kuishi na fosforasi kidogo mno, lakini ng'ombe anayenyonyesha hawezi, ndipo anapoitafuta kwenye mifupa. Ikiwa ya mzoga uliooza, hubeba sumu ya botulizimu: miguu na ulimi hupooza, mnyama hufa. Daktari wa mifugo Arnold Theiler alilieleza hili Afrika Kusini mwaka 1920. Miaka zaidi ya 100 imepita, na bado watu wanachinja kuku kuondoa laana!

Wauza chumvi nao waache kudanganya: chumvi ya jikoni haina fosforasi. Na moto wa kila kiangazi haurutubishi malisho. Majivu hubakiza fosforasi kidogo, lakini nitrojeni huondoka na moshi, na yale majani mabichi yanayochipuka baadaye yanakula akiba ya mizizi.

Basi: rudisha samadi malishoni, panda mikunde kama stailo kati ya nyasi, choma mizoga au uifukie kwa kina. Mifupa ichomwe hadi iwe majivu meupe, isagwe, ichanganywe na chumvi, mifugo ilambe. Ng'ombe aliyekwisha kupooza, mwite daktari wa mifugo, na nyama yake isiliwe.