Kinyama cha Ufizi Kinachorudi Baada ya Kukatwa

Mtu wa Ihembe, mkoani Kagera, aliyekatwa kinyama kwenye ufizi, kisha akakiona kinaota tena miezi michache baadaye, ana haki ya kuogopa. Wapo watakaomwambia kisu ndicho kilichokichokoza, na wapo watakaomtajia saratani. Mara nyingi wote wamekosea. Vinyama vingi vya aina hii huota kwa sababu ufizi unasumbuliwa mfululizo, ama na ugaga ulioganda kwenye shina la jino, ama na ncha ya jino lililovunjika, ama na meno bandia yasiyokaa sawasawa. Kisu kikiondoa nyama na ugaga ukaachwa palepale, chanzo hakijaguswa. Wajawazito wanatuonyesha jambo hili wazi kabisa. Homoni za ujauzito huufanya ufizi uvimbe hata kwa uchafu kidogo, na kinyama chekundu kinachovuja damu kikiguswa huweza kuota. Kikikatwa kabla ya kujifungua huwa chepesi kurudi, ilhali baada ya kujifungua mara nyingi hunywea chenyewe. Hali haiko mbali na hiyo kwa wagonjwa wa kifafa wanaotumia fenitoini: ufizi uliopunguzwa huweza kuvimba upya dawa ikiendelea, hasa kinywa kisiposafishwa vizuri. Hata hivyo, asiache mtu dawa ya kifafa bila kauli ya daktari.

Kuna atakayeuliza, mbona wengine walisafishwa meno vizuri na bado kikarudi? Ni kweli. Kipo kinyama kigumu chenye chembechembe za mfupa ndani yake, ambacho chimbuko lake liko chini, kwenye nyuzi zinazoshika jino au utando unaofunika mfupa. Tafiti zimekuta kikirudi kwa takriban asilimia 8 hadi 20 ya waliokatwa. Aliyekatwa juujuu ameachiwa chimbuko lote, kwa hiyo daktari hana budi kufika mfupani na kukwangua ugaga wa meno jirani.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: kama si saratani, kipande kipelekwe maabara kwa nini? Kwa sababu macho hayatoshi. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, na saratani ya Kaposi, inayowaandama wenye kinga dhaifu, huweza kutokea ufizini ikafanana na kinyama cha kawaida. Kwa mtoto, uvimbe wa taya unaokua haraka unaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda. Kipande kilichohifadhiwa kwenye fomalini kinaweza kusafirishwa hadi maabara kubwa kama ya Bugando, Mwanza, mgonjwa mwenyewe akabaki nyumbani. Kikishatupwa, hakuna tena cha kupima. Basi ukiambiwa ukatwe, iwe hospitali ya Nyakahanga au kwingineko, uliza kama meno yatakwanguliwa na kama nyama itapimwa, na kikianza kuota tena, rudi hospitali kingali kidogo.