Mitiririko ya Plasma Kandoni mwa Maeneo Amilifu ya Jua

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja tu la elimu ya Jua: mitiririko ya plasma ionekanayo katika korona, yaani tabaka la nje la anga ya Jua, kandoni mwa maeneo amilifu.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Plasma, ambayo baadhi ya waandishi huiita utegili, ni gesi iliyopata joto kali hata elektroni zikabanduka kutoka katika atomi zake. Kwa kuwa chembe zake zina chaji, haiendi ipendako. Hufuata uga wa sumaku kama maji yafuatavyo mfereji. Eneo amilifu ni mahali ambapo uga huo una nguvu nyingi, na mara nyingi chini yake huonekana madoa meusi. Uso wa Jua una nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, hali korona iliyo juu yake hupita nyuzi milioni 1.

Setilaiti Hinode ya Japani, iliyorushwa mwaka 2006, ndiyo iliyoidhihirisha mitiririko hiyo. Hupima mwanga utolewao na atomi za chuma zilizopoteza elektroni nyingi. Chanzo cha mwanga kikitukaribia, urefu wa mawimbi hupungua. Kikienda mbali, huongezeka. Kandoni mwa maeneo amilifu upungufu huo huonyesha mwendo wa makumi ya kilomita kwa sekunde, nao hudumu kwa siku kadhaa.

Hapa lugha yadai uangalifu. Mtiririko, kwa mazoea yetu, ni wa maji yateremkayo, huu wapanda. Hata hivyo neno hili lafaa kuliko "mlipuko", kwa kuwa linabeba maana ya kutokatika. "Upepo wa jua" nao si hewa hata kidogo, bali ni plasma iliyokwisha kuponyoka.

Je, plasma ya kandoni huponyoka kweli? Mwaka 2007 Taro Sakao na wenzake walikadiria kwamba mtiririko kama huo ungeweza kuchangia kiasi cha robo ya upepo wa jua. Kadirio hilo lavutia, lakini halitoshi kuwa ushahidi. Kipimo cha mwanga hutuambia tu kwamba plasma inakuja upande wetu. Yawezekana inapanda katika tao refu na kushuka upande wa pili, isiondoke kamwe.

Ushahidi wenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni wa kikemia. Katika mitiririko hiyo, elementi zipotezazo elektroni kwa urahisi, kama silikoni, zimezidi zikilinganishwa na sulfuri, kuliko ilivyo katika uso wa Jua. Ziada ya namna hiyo hupatikana pia katika upepo wa polepole, ule usiofikia kilomita 500 kwa sekunde, unaponaswa na vyombo vya angani. Chombo Solar Orbiter, kilichorushwa mwaka 2020, kina vifaa vya kazi zote mbili: kuutazama mtiririko kwenye chimbuko lake, na kuupima upepo unaokipitia.