Gogo Linalogeuka Kichwani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliuliza kumbukumbu hukaa wapi. Leo tuitazame taswira, yaani ile sura ya kitu inayotujia akilini ilhali kitu chenyewe hakipo. Nitaanzia Newala, chini ya mkorosho, kwa fundi wa vinyago.

Nilimkuta ameketi mkekani, gogo la mpingo likiwa katikati ya nyayo zake. Ganda la nje lenye weupe alikwisha kulibandua kwa tezo, na kiini cheusi kilikuwa kimeanza kung'aa kila patasi ilipopita. Kipande kile kilikuwa na urefu wa mkono mmoja, kimepinda kidogo kama kiwiko. Hapakuwa na mchoro wala alama ya chaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mwalimu."

"Unajuaje bega litakaa wapi?"

Aliligeuza gogo kwa kidole gumba cha mguu, akanionyesha kifundo tawi lilipokuwa limeota. "Nikiliweka hapa litapasuka. Kwa hiyo bega linahamia huku, na mtoto anabebwa upande ule." Upande ule ulikuwa bado umelalia mkeka.

Mfinyanzi akikosea huongeza udongo. Mchonga mpingo akishatoa, ametoa, kwa hiyo kila pigo la upande huu lazima lijue kilichopo upande wa pili. Vitazame vinyago vya ujamaa, ambavyo Wamakonde huviita dimoongo: watu wamepandiana mabegani kuzunguka gogo zima, mguu wa huyu unatokezea ubavuni kwa yule, mkono unaanzia mbele na kuishia mgongoni. Mtu anayeyapanga hayo yote pasipo karatasi anafikiri, tena kufikiri kwa kiwango cha juu. Inanisikitisha kwamba shuleni kwetu akili hupimwa karibu yote kwa maneno na tarakimu, na mtoto anayefikiri kwa maumbo huambiwa anachezea daftari.

Mwaka 1971, nchini Marekani, Roger Shepard na Jacqueline Metzler waliupima ugeuzaji wa namna hii. Waliwaonyesha watu wanane jozi za michoro ya maumbo yaliyoungwa kwa michemraba kumi kumi na kukunjwa kona. Je, ni umbo lilelile limegeuzwa, au ni jingine? Muda wa kujibu uliongezeka sambamba na pembe: kila nyuzi 60 hivi zilidai sekunde moja zaidi. Ilikuwa kana kwamba umbo linazungushwa akilini kidogo kidogo, kama gogo lile lilivyozungushwa kwa mguu.

Katika kukumbuka, mwalimu wangu alikuwa bibi yangu. Juu ya uwanda wa Makonde mvua huzama upesi ardhini, na kabla ya mabomba wanawake waliteremka hadi mabondeni kufuata maji, kisha wakaupanda mlima na mitungi kichwani. Uzeeni mtoto wa jicho alimnyima bibi nuru, lakini njia ile aliijua hatua kwa hatua: mkwaju, jiwe lenye ufa, mahali pa kutua mzigo. Siku moja nilimuuliza aliteka maji na akina nani. Akanyamaza. Nilipolirudia swali, akanikatiza: "Subiri, sijafika." Alipofika kwenye jiwe, majina yakaanza kumtoka, moja baada ya jingine, na nani alikuwa na mimba mwaka ule, na nani alivunja mtungi.

Wasemaji wa Ugiriki na Roma ya kale walifanya hivyo kwa makusudi. Waliyapanga mambo ya hotuba katika vyumba vya nyumba waliyoifahamu, kisha wakati wa kusema wakapita humo kwa mawazo, wakiokota walichokiweka. Bibi hakufundishwa hilo na mtu. Miguu yake ndiyo iliyoyapanga, kwa miaka ya kwenda na kurudi.

Hata hivyo, taswira iliyo wazi si lazima iwe ya kweli. Kwa miaka mingi nilishikilia kwamba nyumba yetu ya utotoni, Masasi, ilielekea miamba ya Mtandi. Niliiona kabisa, miamba imeiva kwa jua la jioni, nami nimeketi kizingitini. Niliporudi nikakuta mlango umeipa miamba kisogo. Frederic Bartlett wa Cambridge aliliandika jambo hili mwaka 1932, baada ya kuwapa watu hadithi ngeni na kuwataka waisimulie tena na tena. Kila walipoisimulia waliijenga upya kwa yale waliyoyazoea.

Wapo pia wasioona chochote. Adam Zeman wa Exeter, Uingereza, na wenzake walieleza mwaka 2010 habari za mpima majengo mstaafu aliyepotewa na taswira zote baada ya kutibiwa mishipa ya moyo. Walimpa maumbo yale ya michemraba. Alijibu sawasawa, lakini muda wake haukufuata pembe. Alikuwa amepata njia nyingine ya kufika. Mwaka 2015 Zeman aliipa hali hiyo jina la afantasia, na wengi wakajitambua kuwa wamezaliwa nayo.

Habari hiyo ilinirudisha kwa fundi wa Newala. Nilikuwa na hakika kwamba yeye anakiona kinyago kizima kabla ya pigo la kwanza, nikamwomba afumbe macho aniambie anaona nini.

Alifumba, akakaa kimya kitambo.

"Giza," akasema. Kisha, macho yakiwa bado yamefumbwa, akalishika gogo, akapitisha vidole kwenye mpindo wake, akasimama pale penye kifundo. "Sasa yule mtoto yupo."

(Itaendelea)