UWANJA WA KAMARAMPAKA: NANI ATALIPA?



Kila yanapozuka mazungumzo ya kuuboresha uwanja wa Kamarampaka, hapa Rusizi (Cyangugu ya zamani), swali la kwanza huwa ni ujenzi utagharimu kiasi gani. Sisi twaona hilo ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: utepe ukishakatwa, nani atalipa kila mwezi?

Tutazame Kigali. Ukumbi wa Kigali Arena, wenye nafasi za watu 10,000, ulifunguliwa mwaka 2019; gharama iliyotangazwa ni dola milioni 104. Mwaka 2022 Benki ya Kigali ilikubali kulipa dola milioni 7 kwa miaka 6 ili ukumbi uitwe BK Arena. Ni fedha nyingi, lakini kwa mwaka hazifiki dola milioni 1.2. Kwa fedha hizo peke yake, gharama ya ujenzi ingerudi baada ya miaka 89. Na huo ni mji mkuu.

Sasa tupige hesabu ya kwetu, kwa mfano tu. Jukwaa la faranga milioni 600, likidumu miaka 30, ni milioni 20 kwa mwaka. Tuseme ulinzi, usafi, maji, umeme na matengenezo ni milioni 15. Jumla milioni 35. Upande wa mapato: mechi 15, watazamaji 1,000 kila mechi, kiingilio faranga 1,000. Hizo ni milioni 15. Timu zikichukua nusu, uwanja unabaki na milioni 7 na nusu. Pengo ni milioni 27 na nusu.

Wako watakaosema Bukavu iko ng'ambo tu ya mto Ruzizi, watu watavuka. Huenda. Lakini mwaka 2020 mpaka ulifungwa kwa ajili ya korona, na Februari 2025 Bukavu ilitekwa na M23. Hesabu inayosimama kwa mguu wa jirani haijasimama.

Pengo huzibwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni fungu la wilaya. Ya pili ni kukodisha: mikutano, harusi, ibada, vibanda vya biashara. Ya tatu haiandikwi katika mpango wowote: mfagiaji asiye na mkataba, mlinzi wa zamu mbili kwa mshahara wa moja, kibarua asiyewekewa akiba ya uzeeni. Hapo ndipo hasara ya uwanja hugeuka kuwa njaa ya nyumba.

Hatusemi uwanja usijengwe. Barabara na shule hazileti faida, nazo twazijenga. Kijana kupata mahali pa kucheza ni mali. Tena Kamarampaka ni mahali pa kumbukumbu nzito: Aprili 1994 Watutsi waliokusanywa humo walitolewa kwa makundi wakauawa. Mahali kama hapo hapapimwi kwa tiketi peke yake.

Basi madai yetu ni matatu. Hesabu za uendeshaji zitangazwe pamoja na za ujenzi, kabla ya jiwe la msingi. Msaada wa wilaya uandikwe wazi kwa miaka 10 ya kwanza. Mishahara na akiba za wafanyakazi ziwekwe katika gharama zisizopunguzwa.

Uwanja wa umma ulipiwe na umma, usilipiwe na wanaoufagia.