Mwea: Maji Iko, Lakini Nani Anashika Funguo?

"Utawala bora." "Maendeleo endelevu." Wasee wa Chuo Kikuu cha Kirinyaga hapa Kutus wameskia hizi maneno mpaka zinawaletea usingizi. Sasa panda mat ushuke Kimbimbi ucheki mashamba ya mpunga. Hiyo ndiyo lekcha yenyewe, na kuna watu waliilipia kwa damu.

Mifereji ya kwanza ya Mwea ilichimbwa miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau. Kutoka 1966 ikawa chini ya Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji. Mkulima alipewa ekari 4 na leseni, si shamba lake. Bodi ndiyo iliamua maji inafunguliwa lini, na mpunga wote lazima uuzie hao hao, kwa bei yao. We ni kulima tu na kunyamaza.

1998 wakulima wakasema zii. Wakapeleka mpunga kwa chama chao cha ushirika. Ikawa noma: mapema 1999 vijana wawili waliuawa kwenye vurugu na polisi. Lakini bodi ilitoka.

Unadhani story inaishia hapo? Wapi! Mifereji ikajaa matope, mashine za kuichimbua hakuna. Watu wakafungua mashamba mapya nje ya mpango, yale ya "jua kali", na jamaa wa mwisho wa mfereji akabaki kuangalia udongo ukipasuka. Mwaka wa 2002 watafiti Charity Kabutha na Clifford Mutero waliandika kuhusu Mwea wakasema kesi bado haijaisha.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kushinda Nobel ya uchumi, 2009, alikuwa amechunguza mifereji ya Nepal. Ile wakulima walijisimamia mara nyingi ilishinda ile ya sirkal yenye simiti ya bei. Kwa nini? Watumiaji walitunga sheria wenyewe, wakachungana, na mwenye kuiba maji alipigwa faini ndogo kwanza, si kufukuzwa.

Mwea nayo ikagawana kazi: sirkal inashika mito na mifereji mikubwa, chama cha watumiaji maji kinashika ile midogo, na zamu.

Sasa kuna Bwawa la Thiba, lililofunguliwa Oktoba 2022, linabeba lita bilioni 15 na ushee. Maji zaidi, mashamba zaidi, zamu zaidi za kupanga. Kama mathako ako na ekari huko, muulize kitu moja: nani alichagua yule msee wa kufungua geti, na anaweza kutolewa aje?